Kopo la Mafuta ya Kukamulia

Ilianza Ijumaa, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Dakika nazijua kwa sababu shosho, mama yake baba, hukamua huku redio ikining'inia kwenye msumari wa mlango wa zizi, na matangazo ya vifo huanza saa kumi na moja na robo. Walikuwa wamefika kwa marehemu wa tatu niliposikia ndoo ikilia kama kengele, halafu shosho akitukana. Shosho ni mtu wa kanisa. Siku nyingine zote hutukana kwa macho tu.

Mimi nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki. Nilipofika zizini maziwa yalikuwa yameshaingia kwenye samadi, kistuli kimepinduka, na ng'ombe amejibanza kwenye kona akiinua miguu ya nyuma, huu, halafu huu, kama mtu aliyekanyaga makaa. Shosho alikuwa amesimama katikati, mikono ameinyoosha mbele, anaangalia viganja vyake.

"Mikono inaniwaka," akasema. Akanusa vidole. Halafu akanigeukia. Shingo ya shosho haigeuki, akitaka kukutazama analeta mwili wote, kama lori kwenye barabara nyembamba. "Nani ameweka dawa kwa mafuta ya ng'ombe yangu?"

Sikujibu. Hiyo ndiyo kazi yangu kwetu, kutojibu. Shuleni pia.

Lazima nieleze habari ya kopo, ama hakuna atakayeelewa. Huku kwetu, juu ya Giakanja karibu na msitu, kila nyumba yenye ng'ombe ina kopo la mafuta ya kukamulia. Unampaka ng'ombe kwenye chuchu zisipasuke, na yanayobaki mkononi unajipaka visigino, na Julai baridi ikiingia unajipaka mpaka uso. Kopo likiisha halitupwi. Linakuwa kopo la misumari, kopo la mbegu za maharagwe, kopo la chumvi. Kwetu yako mengi, yote yanafanana, na mtu hujua la nani ni lipi kwa kuangalia liko wapi. Ukiliweka mahali si pake, umelibadilisha.

Moja la hayo lilikuwa langu. Ndani yake hamkuwa na mafuta ya kukamulia. Mlikuwa na dawa ya kuchulia misuli, mafuta yenye kafuri, mkaratusi na pilipili, aliyonigawia mwanamke mmoja anayekanda watu mjini, mtaa wa Skuta. Mimi hukimbia mbio za nyika za shule. Sisemi hivyo kujisifu, ni kitu pekee ninachofanya ambacho hakinitaki niongee. Nikitoka mazoezini vigimbi vya miguu hukaza kama waya wa ua, na nisipovichua, kesho yake nashuka ngazi za darasa kinyumenyume, wasichana wakicheka. Basi nilikuwa najichua zizini, alasiri, shosho akiwa shambani. Jumatano nikiwa nimeinua sketi mpaka mapajani nilisikia akikohoa njiani. Nilibandika kopo kwenye ubao wa juu ya hori, nikashusha sketi, nikatoka mbio. Ubao huo ndio mahali pa kopo la ng'ombe, basi yakawa mawili kando kwa kando, na mpaka Ijumaa shosho alibahatika kushika lake. Nikasahau. Kosa ni hilo tu, na ni langu.

Mtu angeuliza kwa nini msichana ajifiche kuchua miguu yake mwenyewe. Kwa sababu kwetu neno masaji lilikuwa vita.

Vita vilikuwa vya mama, mimi nilivirithi. Mama huchuma majani chai siku sita kwa wiki, kikapu mgongoni, halafu jioni anamkatia ng'ombe nyasi. Mvua ndefu ya mwaka huu ilipoleta majani mengi, mkono wake wa kulia ulikataa. Ulikuwa unapanda mpaka kifuani unasimama hapo. Kunifokea alikuwa anaweza, kujifunga kitambaa cha kichwa hawezi. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa namfunga mimi, yeye ameinamisha kichwa mbele yangu kama mtoto, na sote wawili tukiona haya. Usiku alilala ameketi. Zahanati walimpa vidonge, vidonge vikaisha, bega likabaki.

Kituoni, wanakopimia majani, mama mmoja ndiye aliyemwambia kuna mwanamke anakanda watu Skuta, mjini, chumba cha nyuma ya fundi wa cherehani. Mama akanichukua mimi siku ya kwanza, nadhani kwa uoga. Ningeweza kumwambia hakuchagua vizuri.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi, kitanda cha juu kama cha kliniki, shuka ya kijani. Mama alipovua blauzi niliangalia ukuta. Lakini macho hayana adabu, nikaona alama za mikanda ya kikapu, mistari miwili myeusi mabegani, ngozi imekufa. Sikuwa nimewahi kuiona. Nimeishi naye miaka kumi na sita.

Mwanamke wa Skuta hakuanza na bega. Alianza na kiuno, huko mbali kabisa.

"Ni hapa panauma," mama akamwambia.

"Najua. Ndiyo sababu siendi hapo bado. Ukianza penye uchungu, mwili unafunga mlango. Anza mbali, ubishe hodi."

Alikuwa na mazungumzo mengi, na mikono ambayo haikuwa na haraka. Alisema zamani alifanya kazi hoteli moja huko Nanyuki, akikanda wazungu walioteremka mlimani. "Mtu amepanda mlima mara moja maishani, anakandwa siku tatu, anapewa na supu. Nyinyi mnapanda mlima kila siku na kikapu, hata pole hamwambiwi." Mama akacheka huku uso umezama kwenye mto. Halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na mwanamke wa Skuta akaendelea kukanda kana kwamba hakusikia, nikampenda hapo hapo.

Aliniambia nami nipande. Nilikataa. Akasema, "Haya, basi toa tu miguu nje ya soksi," na akanionyesha jinsi ya kuchua, kuelekea juu, kuelekea moyoni, siyo kukwaruza kama anayesugua sufuria. Akasema msuli ni kama unga wa chapati, ukishakandwa uachwe upumzike, ukiuvuta bila kuupumzisha unakatika. Na mara moja haitoshi, akamwambia mama. Njoo kila Jumamosi mpaka majani yapungue. Ukikatiza, bega litarudi lilikokuwa.

Basi kila Jumamosi. Malipo yalikuwa chupa moja ya maziwa, wamekubaliana hivyo wenyewe. Na Jumamosi ya tano mama alisimama mbele ya kioo cha jikoni akajifunga kitambaa. Akakifungua. Akakifunga tena. Akaniangalia kwenye kioo, na mimi nikaangalia chai yangu.

Lakini maziwa yalikuwa ya ng'ombe wa shosho. Nyasi anakata mama, samadi natoa mimi, lakini ng'ombe ni wa shosho.

Shosho hakupiga kelele mwanzoni. Alikuwa anasema na sufuria. "Ati siku hizi watu wanaenda kupapaswa." Halafu na kuku. "Ati Skuta kuna kitanda." Kanisani akina mama walimwambia nyumba za masaji ni zile za Nairobi, za wanawake wasiojulikana wanakotoka, naye akaleta habari hiyo nyumbani kama aliyeleta nyama. Shosho ana bonde kwenye paji la uso, la ule mkanda wa ngozi waliokuwa wakibebea kuni zamani, kidole kinaingia. Alikuwa analigusa. "Hii nilikandwa na nani? Nilizaa Jumatatu, Alhamisi niko msituni. Anayekandwa ni mgonjwa na mzazi. Wewe ni yupi kati ya hao?"

Mama hakujibu, kwa sababu alikuwa mke wa mtoto wake. Mimi sikujibu kwa sababu mimi ni mimi. Baba anajenga nyumba za watu Murang'a na akipigiwa simu anasema mskizane. Nilimchukia shosho wiki hizo zote, naandika hapa wazi. Nilichukia hata jinsi anavyonyonya chai.

Sasa turudi zizini, Ijumaa.

Mama alitokea njiani na mzigo wa nyasi mgongoni, akakuta tumesimama hivyo, na redio imefika kwenye mazishi ni lini.

"Karibu, mama wa Skuta," shosho akamwambia. Shosho akikasirika sana huacha Kikuyu anahamia Kiswahili, kama askari. "Njoo uone dawa yako imefanya nini. Umenichomea ng'ombe. Umenichomea na mikono."

Mama hakutua mzigo. Alisogea, akachukua kopo kwenye ubao, akanusa. Halafu akaniangalia mimi, na nikajua amejua. Nilikuwa nimesimama na kisu cha sukuma bado mkononi. Ningeweza kusema. 

"Ni mimi, mama," mama akamwambia shosho. "Niliacha hapo. Nisamehe."

"Sikusamehe. Sikiza. Ng'ombe hajatoa hata nusu, na hataki kuguswa. Akilala hivyo kiwele kitaoza. Kesho asubuhi kama hakamuliki, hakuna maziwa ya kumpelekea huyo mwanamke wako. Hakuna maziwa, hakuna Skuta. Na usipoenda kesho huendi tena, umesikia? Hiyo mambo imeisha kwangu."

"Nimesikia."

Alisema hivyo tu, nimesikia, na mzigo bado mgongoni. Nikaona mkono wa kulia, ambao wiki tano zilizopita haukuweza, umeshika kamba ya mzigo juu kabisa karibu na sikio. Nikaona asubuhi zote zinarudi, mimi namfunga kitambaa, yeye ameinamisha kichwa.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo sana. Shosho akauleta mwili wake kwangu.

"Ni mimi nimeweka. Nilikuwa najichua miguu. Hapa."

"Najua ni wewe," shosho akasema. "Kwani unafikiri mimi ni mjinga? Miguu yako inanuka hiyo kitu tangu juzi, mpaka kwa meza."

Alijua! Alijua, na akamwacha mama aombe msamaha. Sijui ni nini kilitokea kichwani mwangu. Najua tu kwamba hapo ndipo nilisema maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumwambia.

"Na wewe shosho unamkanda huyu ng'ombe mara mbili kwa siku. Na maji moto. Na kitambaa. Unamkanda kiwele mpaka analegea ndio akupe maziwa, na ukiwa na haraka anakunyima, wewe mwenyewe ulinifundisha. Kwa nini ng'ombe akandwe na mama asikandwe?"

Hata ng'ombe aliacha kuinua miguu. Nikaficha kisu nyuma ya mgongo.

"Ng'ombe anatoa maziwa," shosho akasema polepole. "Nyinyi mnatoa nini?"

Mama akalegeza kamba. Mzigo wote wa nyasi ukaanguka chini, pu, mbele ya viatu vya shosho.

"Nyasi," akasema. "Mimi natoa nyasi."

Akaenda kuteka maji.

Mpaka giza lilipoingia tulikuwa tukimwosha yule ng'ombe, maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, tena na tena, kwa sababu pilipili ikiwa kwenye mafuta haiondoki kwa maji matupu. Mama alibeba ndoo kutoka kwenye tangi, mimi nikamwagia kutoka mbali kwa sababu hakutaka mkono. Kukamua hatukuweza. Nilijaribu mara moja nikapata teke la paja ambalo bado ni la bluu. Shosho alikaa jikoni mikono ndani ya karai la maji baridi, na kila tulipopita na ndoo alisema, "Kandeni. Kandeni basi, si nyinyi ni wataalamu." Ndoo ya mwisho niliona mama ameibadilisha mkono, anabeba na wa kushoto. Bega lilikuwa limeanza kufunga.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka saa kumi na moja na nusu, shosho hajaamka. Niliwasha moto, nikachemsha maji, nikachukua kile kitambaa chake cha kukamulia, na kopo la kweli, nililonusa mara mbili. Zizini kulikuwa na baridi ya mlima. Kiwele kilikuwa kimejaa, kigumu kama mpira wa shule, na ng'ombe aliponiona alianza kuinua miguu.

Sikugusa kiwele. Nilianza mbali. Nilianza na shingo, chini ya masikio, halafu bega, halafu nikashuka mbavuni kwa kiganja kizima, polepole, kama nilivyoona Skuta. Nikimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu ni ya kitoto. Nikafika nyongani nikasimama hapo. Mguu ukainuka, nikangoja, ukashuka. Nikapitisha kitambaa cha moto tumboni, mbele ya kiwele tu. Nikangoja tena. Mgongo uliniuma, pua inatiririka, mazoezi ya mbio yalikuwa saa mbili shuleni na nilijua siendi. Nilipoweka kiganja kwenye kiwele ng'ombe alishtuka, akageuza kichwa akaniangalia, halafu akarudi kwenye hori akachukua nyasi. Nyasi ya mama.

Nikakanda. Kutoka juu kushuka, bila kuvuta. Nilihisi kinalegea kabla sijaona chochote. Maziwa ya kwanza niliyamwaga chini, kutoka kila chuchu, halafu nikaweka ndoo katikati ya magoti, na ile sauti ya maziwa kwenye ndoo tupu ikaanza.

Sijui shosho alikuwa amesimama mlangoni kwa muda gani. Niligeuka nikamkuta, amejifunga blanketi, mikono ameificha ndani.

"Hiyo maziwa inanuka dawa," akasema.

Nikachota kikombe kwenye ndoo nikanywa chote mbele yake, kikiwa na joto la ng'ombe. Hayanuki. Nikachota kingine nikamnyooshea. Hakupokea.

"Sinywi kutoka kwa mikono yako."

Nikakinywa hicho pia. Halafu nikachukua ile chupa ya Skuta iliyokuwa imefunikwa kwenye dirisha la jikoni, nikaijaza mpaka shingoni, nikafunga kifuniko. Maziwa mengine yakamwagika, na shosho akayaangalia yalipomwagika, lakini sharti la jana alikuwa amelitoa mwenyewe, na ng'ombe alikuwa amekamuliwa. Ndoo iliyobaki nikaiweka miguuni pake.

Mama alikuwa jikoni, ameketi, kitambaa kiko magotini. Hakuwa amejaribu, ama alikuwa amejaribu. Sikuuliza. Nilisimama nyuma yake nikamfunga, fundo la nyuma, safari hii sikuona haya. Nikampa chupa.

"Na majani? Leo mkono hautachuma hata nikirudi," akaniuliza.

"Nitachuma."

"Na mbio zako?"

Nikainua mabega. Alinishika mkono, akaunusa, akacheka kidogo, "Unanuka kiwele," akatoka. Alipita mbele ya shosho akasema, "Mama, nimeenda, nitarudi mchana," kwa heshima yote. Shosho aliangalia kuku.

Kikapu cha mama ni kirefu kuliko mgongo wangu, kinanipiga nyuma ya magoti. Nilienda mstari wa juu, ule wenye umande mwingi, nikaanza, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Muda si muda shosho akaja na kikapu chake akaingia mstari wa chini yangu. Vidole vyake vilikuwa vyekundu bado. Alichuma bila kuinua kichwa, nami pia, mpaka jua likatoka juu ya mlima na aproni zikaanza kukauka.

Karibu na mwisho wa mstari alisimama, akauleta mwili wote.

"Unachuma kama mtu anafukuza kuku," akasema.

Nikaendelea kuchuma.